Ada isiyoandikwa kwenye risiti: tujifunze kupima hatari ya wizi wa mtandaoni

Somo la leo ni la daftari na kalamu, kwa hiyo vitafuteni kabisa kabla hatujaanza.

Kwenye gharama za kutuma pesa nyumbani, wote tumekuwa mabingwa. Mtu anakwambia bila kupepesa macho kampuni gani inakata kidogo, nani ana bei nzuri ya shilingi mwisho wa mwezi, nani hatozi ada ukituma kwa mara ya kwanza. Na takwimu zenyewe zipo. Benki ya Dunia hukusanya bei za kutuma dola 200 kutoka nchi moja kwenda nyingine na kuziweka wazi. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama hiyo iwe chini ya asilimia 3. Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila mwezi kiasi kilichoingia kutoka kwa Wakenya walio nje. Kwa mwaka 2024 kilikuwa takriban dola bilioni 4.9.

Sasa tuulizane swali jingine. Katika kila shilingi 100 tunazotuma, ngapi zinaishia mikononi mwa matapeli wa simu na mtandao?

Hapo ndo kimya kinatanda. Hiyo nayo ni ada, tena inalipwa kila mwaka na watu wetu, ila haikuandikwa kwenye risiti. Huwezi kuipunguza ada usiyoijua. Leo tutaangalia kwa nini takwimu za hatari hii ni adimu, namna ya kuzisoma zile chache zilizopo bila kutishika bure, na namna familia au kikundi kinavyoweza kujitengenezea takwimu zake.

1. Kwa nini takwimu hizi ni adimu

Fikiria bima ya gari. Kampuni inakupangia bei kwa sababu ina kumbukumbu za ajali za miaka mingi: magari mangapi yapo barabarani, mangapi yamegongwa, matengenezo yaligharimu kiasi gani. Moto wa nyumba ni hivyo hivyo. Wizi wa mtandaoni haujakaa hivyo, na sababu ni nne.

Ya kwanza ni aibu na hofu. Aliyelizwa hataki watu wajue. Dada wa kazi za ndani ambaye kibali chake kina walakini haendi polisi kusema ameibiwa riyali 80. Anaogopa swali la kwanza litakuwa kuhusu karatasi zake. Kaka aliyetapeliwa hela ya mchango wa msiba anaona bora afidie kimya kimya. Kwa hiyo watu wanaoumia zaidi ndio wasioonekana kwenye hesabu.

Ya pili, mwenye takwimu hana haraka ya kuzitoa. Chukua Uganda, Oktoba 2020. Benki ya Stanbic, MTN na Airtel zilitoa tamko la pamoja kwamba mtoa huduma wa tatu, aliyekuwa daraja kati ya benki na simu, amepata hitilafu ya mfumo, na huduma za kuhamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu zimesimamishwa. Tamko lilisema salio za wateja hazikuguswa. Kiasi kilichopotea halikukitaja. Mteja wa kawaida hakujua hata kwamba hilo daraja lipo mpaka lilipokatika.

Wapo waliofanya tofauti. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilishambuliwa na wezi wa mtandaoni Oktoba 2023, na Machi 2024 ikachapisha ripoti ya kurasa 18 ikieleza kilichotokea na walichojifunza. Haikuwalazimu kuandika yote yale, lakini wengine wakapata pa kuanzia.

Ya tatu, mbinu zinabadilika. Moto unaunguza leo kama ulivyounguza enzi za babu. Tapeli wa mwaka huu hatumii maneno ya mwaka jana, na sasa zipo programu za kuiga sauti ya mtu. Takwimu zinachacha mapema.

Ya nne inatuhusu sisi hasa: wizi wetu unatokea kati ya nchi mbili au tatu. Mtumaji yuko Doha, mpokeaji yuko Tanga, tapeli hajulikani alipo. Nchi moja inahesabu kipande chake, nyingine hiki kingine, na mara nyingi hakuna anayeunganisha.

2. Takwimu zilizopo, na maswali matatu ya kuziuliza

Ukikutana na namba kubwa ya kutisha kwenye habari, usikimbilie kuisambaza kwenye kundi la familia. Iulize kwanza maswali matatu: Kimehesabiwa nini? Nani aliripoti? Je, namba hii ni ya mtu kama mimi?

*Kimehesabiwa nini?* Kwa miezi ya Januari hadi Machi 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitangaza kwamba imegundua matukio ya tishio la mtandaoni zaidi ya bilioni 2.5. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Ukigawanya, ni zaidi ya matukio 50 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, ndani ya miezi mitatu. Je, kila Mkenya aliibiwa mara 50? Hapana. Kilichohesabiwa ni majaribio yaliyonaswa na mitambo, mengi yakiwa ya kompyuta kujaribu milango ya kompyuta nyingine. Ni kama kuhesabu kila aliyegusa kitasa cha mlango mtaani. Namba hiyo inamfaa anayelinda mitambo. Haikwambii hata kidogo kama mama yako Kisumu yuko hatarini zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana.

Tanzania nayo, TCRA hutoa takwimu kila robo mwaka, zikiwemo za majaribio ya utapeli kwa kila mkoa. Katika ripoti kadhaa mikoa ya Rukwa na Morogoro imeonekana juu ya orodha. Watu wakisoma wanadhani ni huko ndiko wanakolizwa zaidi. Soma tena: ni hesabu ya majaribio. Aliyelizwa anaweza kuwa Mbagala au Birmingham.

*Nani aliripoti?* Uingereza wana njia mbili za kuhesabu. Moja ni zile taarifa zinazofika polisi. Nyingine ni utafiti wa uhalifu, ambapo watu huulizwa moja kwa moja yaliyowapata, waliyoripoti na wasiyoripoti. Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya huko imeeleza kwamba katika utapeli, chini ya tukio 1 kati ya 7 ndilo hufika kwa polisi au kwa kituo cha kitaifa cha kupokea taarifa za utapeli. Hii ni nchi yenye mfumo wa miaka mingi, na bado matukio 6 kati ya 7 yanabaki gizani. Kwa hiyo ukiambiwa "taarifa za utapeli zimeongezeka", uliza: wizi umeongezeka, au watu wameanza kusema?

*Je, ni ya mtu kama mimi?* Marekani, FBI ina kituo cha kupokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Mwaka 2023 kilipokea malalamiko 880,418, na hasara iliyotajwa ilizidi dola bilioni 12.5. Mwaka 2024 malalamiko yalikuwa 859,532, na hasara dola bilioni 16.6. Ona hapo: malalamiko yamepungua kidogo, hasara imepanda kwa theluthi moja. Anayetaka kukutuliza atakusomea namba ya kwanza, anayetaka kukutisha atakusomea ya pili, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Tena ukigawa hasara ya 2024 kwa malalamiko unapata kama dola 19,300 kwa kila lalamiko. Usijipime kwa wastani huo. Uwekezaji wa uongo peke yake ulichukua zaidi ya dola bilioni 6.5, na utapeli wa barua pepe za makampuni bilioni 2.7 na ushee. Hasara chache kubwa sana zimeuvuta wastani juu. Kwa mtu anayetuma dola 200, hatari yake ina sura nyingine kabisa.

3. Takwimu zikitoka, mambo hubadilika

Pengine unajiuliza, takwimu zitanisaidia nini mimi? Angalia Uingereza tena. Tangu Oktoba 2023 msimamizi wa mifumo ya malipo alianza kuchapisha taarifa zinazotaja benki kubwa kwa majina: nani anarudishia wateja waliotapeliwa sehemu gani ya pesa zao, na nani anapokea pesa nyingi za wizi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Oktoba 2024, kanuni mpya ikaanza: mtu akidanganywa mpaka akatuma pesa mwenyewe kwa njia ya benki, benki zinatakiwa kumrudishia, hadi pauni 85,000, kwa masharti yake. Hesabu ilipowekwa mezani, ikawa vigumu kusema tatizo ni la mteja mmoja mmoja mzembe.

Lakini sikilizeni vizuri, nyie mlioko huko: kanuni hiyo ni ya malipo ya ndani ya Uingereza. Pesa uliyotuma Kenya au Tanzania haimo. Yaani njia yetu, ile tunayopitisha ada za shule na matofali ya nyumba, haina hesabu kama zile wala haina kinga kama ile.

Marekani kuna haki ndogo ambayo wengi hawaijui: ukituma pesa nje kupitia kampuni inayofuata sheria ya utumaji, una dakika 30 baada ya kulipa kufuta muamala na kurudishiwa, mradi pesa haijachukuliwa au kuingia kwenye akaunti ya mpokeaji. Dakika 30 ni fupi. Anayezitumia ni yule aliyezoea kuhakiki mara tu baada ya kutuma, siyo kesho yake.

4. Daftari la kikundi

Basi, kama hakuna aliyetuhesabia, tujihesabie. Hii inafaa kwa familia, na inafaa zaidi kwa kikoba, chama au kikundi cha watu kumi na kuendelea, maana mtu mmoja ana matukio machache mno ya kumfundisha kitu.

Fungua daftari au faili la hesabu. Kila tukio lipate mstari mmoja wenye vitu hivi:

- Tarehe, na nchi alipo aliyelengwa.
- Njia: ujumbe wa simu, WhatsApp, kupigiwa, barua pepe, au kiungo cha intaneti.
- Walisema nini, kwa maneno yao. Mfano: "ile hela itume kwenye namba hii", "nimebadilisha laini", "mimi ni huduma kwa wateja".
- Lilifika wapi: lilipuuzwa, mtu aliponea chupuchupu, au pesa ilikwenda.
- Kiasi, kama kipo, na kiasi kilichorudi.
- Liliripotiwa kwa nani, na walijibu baada ya muda gani.

Pembeni, andika kila mwezi kikundi kimetuma pesa mara ngapi na jumla ya kiasi. Bila hiyo hujui hasara ni sehemu gani ya nini.

Mambo mawili ya tahadhari. Daftari lisiwe na namba ya siri ya mtu yeyote wala picha ya kitambulisho. Likiibiwa, liwe halina faida kwa mwizi. Na wanaolizwa waandikwe bila majina. Katibu apokee taarifa faragha, aandike tukio tu. Mkianza kumcheka mmoja, mwakani daftari litakuwa safi na mifuko itakuwa mitupu.

5. Tupige hesabu kwa mfano

Tuseme kikundi kina watu 15. Kila mmoja hutuma mara mbili kwa mwezi, wastani wa shilingi za Tanzania 250,000 kila mara. Kwa mwaka ni miamala 360, jumla shilingi milioni 90.

Daftari la mwaka linaonyesha majaribio 48. Kati ya hayo, 29 yalikuwa ya "namba mpya ya ndugu", 12 ya watu waliojifanya wa benki au mtandao wa simu, na 7 ya viungo vya intaneti. Mengi yalipuuzwa. Walioponea chupuchupu ni 6: watano kwenye namba mpya, mmoja kwenye simu ya "huduma kwa wateja". Waliolizwa ni 2, wote kwenye namba mpya: mmoja 350,000, mwingine 1,150,000. Jumla 1,500,000.

Gawa 1,500,000 kwa miamala 360: kama shilingi 4,170 kwa kila muamala. Ukilinganisha na jumla ya pesa iliyotumwa, ni karibu asilimia 1.7. Hiyo ndiyo ada isiyoandikwa ya kikundi hiki. Mtu anayebadilisha kampuni ili aokoe shilingi 2,000, huku akipoteza 4,170 kwa mlango wa nyuma, hajaokoa kitu.

Ila msidanganyike na asilimia hiyo. Waliolizwa ni wawili tu. Mwakani wanaweza kuwa sifuri kwa bahati, au mmoja akapoteza milioni tano. Matukio mawili hayatoshi kutabiri. Ndiyo maana tumewahesabu walioponea: mkiwajumlisha, mna matukio 8 ya hatari ya kweli, na 7 kati ya hayo yamepita mlango mmoja, ule wa namba mpya. Hapo sasa pana somo la uhakika zaidi kuliko ile asilimia.

6. Kutoka daftari mpaka uamuzi

Kikundi chetu cha mfano hakihitaji kununua programu ya ulinzi ya gharama. Kinahitaji sharti moja: namba mpya haitumiwi pesa siku hiyo hiyo. Piga namba ya zamani. Haipatikani? Mtafute ndugu wa pili anayeishi naye. Muwe pia na neno la familia ambalo halijawahi kuandikwa popote, kwa sababu sauti peke yake siku hizi si ushahidi. Na mama akikasirika kwamba mwanangu hata mimi unanihoji, mwelezeni mapema, kabla ya siku ya dharura, kwamba ni sharti la wote na hata nyie mnahojiwa.

Daftari lenu linaweza kuonyesha mlango mwingine. Kama ni viungo vya intaneti, angalieni barua pepe zenu kwenye Have I Been Pwned, huduma ya bure iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013. Unaandika anwani yako, inakwambia kama ilionekana kwenye data zilizovuja. Ikionekana, badilisha nywila kote ulikoitumia. Kama ni "huduma kwa wateja" wa uongo, kateni simu na mpige wenyewe namba rasmi ya benki. Uingereza unaweza kupiga 159 ukaunganishwa na benki yako kama imo kwenye mpango huo. Tanzania piga *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Mwaka wa pili linganisheni walioponea na majaribio ya kila mlango. Mlango wa namba mpya ukitoka watu 7 mpaka 1, sharti linafanya kazi, hata kama kuna aliyelizwa kwa njia nyingine.

7. Ripoti, hata kama pesa hairudi

Wengi husema, niripoti ya nini, pesa imeshakwenda. Tumeona hapo juu: lisiloripotiwa halihesabiwi, na lisilohesabiwa halina msimamizi wala fidia. Ujumbe wa utapeli Tanzania unasambazwa kwenda 15040. Kenya, kwa laini ya Safaricom, unatumwa 333, na muamala wa M-Pesa uliokwenda kwa namba isiyo sahihi unaombewa kurudishwa kupitia 456. Uingereza na Marekani ujumbe kama huo unasambazwa kwenda 7726. Mlioko Ghuba, tunzeni risiti yenye namba ya muamala kutoka duka la kubadilishia fedha. Bila namba hiyo hakuna anayeweza kufuatilia kitu. Na kama una hofu na karatasi zako, waweza kuanza kwa upande wa nyumbani: mpokeaji aripoti kwenye mtandao wake wa simu na polisi wa huko.

Zoezi la wiki hii

1. Kumbuka miezi mitatu iliyopita. Andika kila jaribio la utapeli lililokufikia wewe au mtu unayemtumia pesa, pamoja na yale uliyoyafuta ukacheka.
2. Tenganisha: yaliyopuuzwa, yaliyoponewa, yaliyokwenda na pesa.
3. Andika umetuma mara ngapi na jumla ya kiasi. Piga hesabu ya ada yako isiyoandikwa.
4. Tafuta mlango wenye walioponea wengi zaidi. Uwekee sharti moja tu, ulitangaze kwa familia nzima.
5. Mpigie mzazi au mlezi nyumbani umuulize kwa upole: "Kuna mtu aliwahi kukupigia akajifanya mimi?" Sikiliza mpaka amalize, usimkatize. Wengi wanalo la kusema, ila hakuna aliyewauliza.